Kamera ya Elfu Arobaini

Kuna aina ya maandishi ambayo sijaona mhakiki akiyashughulikia, na vijana wa rika langu tunayasoma kuliko riwaya. Nasema mapitio ya kamera. Yale ya kusoma, na yale ya kutazama YouTube usiku bando ikikaribia kuisha, ukijiambia hii ndiyo ya mwisho kisha nilale. Mimi nimeyapitia kwa miezi saba, tangu nianze kuweka pesa kidogo kidogo kutoka kwa kazi za kuandikia watu. Lengo lilikuwa shilingi 40,000. Kazi za kuandika hazilipi kihivyo, kwa hiyo muda wa kusoma ulikuwepo.

Chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini ule ugonjwa wa kutafuta msuko katika kila kitu haujanitoka. Na mapitio ya kamera yana msuko, tena wa kale. Shujaa ni wewe msomaji. Unaanza ukiwa maskini, na kamera ya kuanzia iliyokuja na lenzi ya boksi. Adui yako ni chenga, zile chembechembe zinazotokea picha ikipigwa gizani. Njiani unakutana na wazee wa hekima wanaokwambia sensa yako ni ndogo (sensa ya kamera jamani, si ile ya kuhesabu watu), na mwisho wa safari kuna pepo, ambapo sensa ni kubwa, lenzi ni nzito na chenga hakuna. Kila mwaka pepo inasogezwa mbele kidogo.

Mandhari nayo haibadiliki. Paka kwenye kochi. Ukuta wa matofali mekundu. Mtaa uliolowa mvua, taa za duka zikimeremeta kwenye lami. Mzungu mwenye ndevu. Mbingu ya kijivu, ambayo kwa mpiga picha ni zawadi kubwa: mwanga laini, hauna kivuli kikali, kila mtu anatoka vizuri. Halafu unafunga simu, unatoka nje Lunga Lunga saa saba mchana, na unaona wazi kwamba yule jamaa hakuwa akizungumza na wewe.

Siyadharau. Ile tovuti ya DPReview, iliyoanzishwa na Phil Askey mwaka 1998 na kununuliwa na Amazon mwaka 2007, ilikuwa ikizipima kamera kwa adabu ya mwanasayansi: picha ile ile, meza ile ile, taa zile zile, ili ulinganishe mwenyewe. Machi 2023 ilipotangazwa kwamba inafungwa, watu walihuzunika kama wamefiwa, na mimi nikiwa mmoja wao, mpaka Juni ilipopata mwenye kuinunua. Nilichojifunza kuhusu lenzi, nusu yake nilikipata pale bure. Shida yangu iko kwingine. Aina hii ya maandishi inauliza maswali mawili tu, una pesa ngapi na unataka kupiga nini, na inajifanya kwamba maswali yameisha.

Tuanze na pesa basi, kwa kuwa hapo ndipo sisi hutolewa nje mapema. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu zilikula soko lote la chini. Viwanda vikaona heri kuwauzia wachache kwa bei kali, na kamera za watu wa kawaida zikaanza kuachwa moja moja. Nikon D3500, ambayo kila mzee wa hekima alikuwa akimpendekezea mgeni, ilisimamishwa mwaka 2022. Siku hizi kamera inayoitwa ya kati, ukiijumlisha na lenzi yake, inapita bei ya bodaboda mpya. Na bodaboda inalisha nyumba.

Kwa hiyo mtu wa elfu arobaini anasoma mapitio ya kamera mpya kama anavyosoma habari za harusi za watu mashuhuri. Kamera yake itakuwa mtumba, na mtumba hauna mapitio. Mapitio yake yaliandikwa miaka kumi iliyopita, siku ilipotoka ikiwa mpya na ya kusifiwa. Hakuna aliyerudi kutwambia inazeekaje. Inazeekaje mahali ambapo upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka kwenye bawaba za mlango? Ukienda Vanga au Shimoni utaona hata mabati ya mwaka juzi yanavyokula kutu. Kamera za kuanzia nyingi hazina kinga ya maji wala vumbi. Lenzi ikikaa kwenye begi la kitambaa msimu mzima wa masika, ndani ya kioo inaota ukungu, nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na ukungu ukishashika vizuri fundi atakutazama tu. Dawa yake ni ndogo: kopo la plastiki linalofunga vizuri, la kuwekea chakula, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ushauri huu unaoweza kuokoa lenzi yako Kwale nzima sijausikia kwenye video hata moja kati ya zile za kamera za kuanzia nilizotazama. Nilisikia mengi sana kuhusu rangi ya ngozi ya mpini.

Betri pia. Kwa kipimo cha viwanda vyenyewe, D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, Canon 2000D kama 500, na Sony a6000, kamera ndogo isiyo na kioo ambayo kila mtu anaisifu kwa wepesi wake, kama 360. Mwandishi wa mapitio anaitaja hii kwa sentensi moja, kisha anasema nunua betri ya pili. Kwa mtu ambaye stima ikienda Ijumaa jioni hajui itarudi lini, tofauti ya 1,550 na 360 ndiyo mapitio yenyewe. Yaliyobaki ni mapambo.

Sasa mwanga. Lunga Lunga iko kama digrii nne na nusu kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linasimama juu ya utosi hasa, na karibu miezi yote mingine halitoki mbali na hapo. Mchana uso wa mtu unakuwa na mashimo mawili meusi pale penye macho, na paji la uso linang'aa kama sufuria. Wazee wa hekima wanasema subiri ile saa ya dhahabu jioni. Kwao jua la kiangazi linazama polepole na saa hiyo ya dhahabu inaweza kuwa saa kweli. Kwetu jua halizami, linaanguka. Ukienda kutafuta mswaki wa kusafisha lenzi ukirudi ni magharibi.

Na kuna jambo la mavazi. Kamera, hata iwe na akili namna gani, kipima mwanga chake kimefundishwa kuamini kwamba ukichanganya vitu vyote vya duniani utapata kijivu cha wastani. Mpigie kina mama watano waliovaa mabuibui: kamera inaona weusi mwingi, inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na mabuibui yanatoka ya kijivu kama yamefuliwa mara mia, nyuso nazo zimefifia. Wageukie wanaume wenye kanzu wakitoka msikitini: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na nyuso za watu zinatoka nyeusi tii, sura hazisomeki. Harusi ya pwani ina vyote viwili ndani ya fremu moja. Kamera mpya zinazotambua sura zinajitahidi, lakini mtumba wa elfu arobaini unakutegemea wewe: kwa mabuibui unashusha hatua moja, kwa kanzu unapandisha hatua moja. Kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa ndicho kitufe muhimu kuliko vyote Pwani. Kuna kamera ambazo kiko juu penye kidole, na kuna ambazo kimefichwa ndani ya menyu tatu. Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza cha kuchagua, na sijakiona kwenye jedwali la mtu.

Msisitizo huu una historia. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ameandika jinsi Kodak ilivyokuwa ikiwapelekea wenye maabara kadi za kupimia rangi, ambazo kwa miongo mingi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu. Wakaziita kadi za Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine imekaa sawa. Wengine tukatoka tunavyotoka. Na anasimulia kwamba filamu ilianza kuboreshwa kwa rangi za kahawia baada ya malalamiko ya kampuni za chokoleti na za fanicha ya mbao. Soma hiyo mara mbili. Dijitali imepunguza shida sana, na mwaka 2021 Google ilitangaza simu zake za Pixel kwa kujisifu kwamba sasa zinaiona ngozi nyeusi inavyostahili. Ni vizuri. Ila picha za majaribio kwenye mapitio bado ni za ndevu zile zile na paka yule yule, na mimi nikitaka kujua kamera fulani inaitoaje ngozi ya shangazi yangu chini ya mwembe saa nane mchana, itabidi niikope nikajaribu.

Kuhusu lenzi nitasema kifupi, maana hapa wazee wa hekima wako sawa nusu. Wanasema nunua lenzi ya 50mm f/1.8, ya bei rahisi, inang'aa. Hesabu ni kweli: lenzi ya boksi ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inafungua f/5.6 tu, na ile ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Usiku kwenye taa moja ya balbu, mara 10 ni picha au hakuna picha. Lakini kwenye sensa ndogo 50mm inakuwa kama 75 au 80, yaani inavuta. Ukiwa ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, umeegemea kabati, mgongo umeshika ukuta, utapata pua ya mtu na sikio moja. Nyumba zetu zinataka 35mm kwa Nikon, au ile 24mm nyembamba kwa Canon. Waliosema 50 wana sebule kubwa.

Mtaniuliza, na simu je? Simu ni kamera, mjadala huo uliisha zamani. Kwa picha inayokwenda WhatsApp na kutazamwa kwenye kioo cha inchi sita, megapikseli 24 na megapikseli 8 ni ndugu. Na wale wanaonunua vikamera vidogo vya miaka ya 2000 kwa sababu TikTok imesema vina mvuto, siwacheki, fleshi yake kali ya usoni ina raha yake. Waangalie tu kadi: Olympus na Fujifilm za wakati ule zilitumia xD na Sony zilitumia Memory Stick, na kadi hizo kuzipata leo ni kazi. Unaweza kununua kikamera kwa elfu tatu kisha ukabaki nacho kama pambo.

Swali la pili, unataka kupiga nini, ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu jibu lake limeshaandaliwa: mandhari, watu, michezo, ndege. Watu wamewekwa kwenye orodha na ndege.

Pwani hii ilikuwa na majibu mazuri kuliko hayo. N. V. Parekh alikuwa na studio Mombasa kuanzia miaka ya 1940, na watu wa kila kabila na dini walipanda ngazi zake wakiwa wamevaa nguo zao bora, akawapangia taa kama waigizaji wa sinema za Kihindi. Tazama picha zake uone: wachumba, marafiki wawili wameshikana mabega, wanawake wamekaa kimshazari wakijua kabisa kwamba wamependeza. Lamu, Omar Said Bakor, ambaye hakusomea kazi hii popote, alikata na kubandika mpaka kichwa cha mtu kikachomoza katikati ya ua. Na Likoni, kando ya feri, miaka ya 1990 kulikuwa na studio za vibanda zilizokuwa na ndege za kuchora, meli, maghorofa ya nchi za nje. Unashuka feri unatokwa jasho, unapanda ndege ya mbao, unapigwa picha, unaenda zako Ukunda. Wapiga picha wengi pale walikuwa watu wa bara, na ghasia za Agosti 1997 ziliwafagia pamoja na wabara wengine.

Kamera walizotumia? Za kawaida. Hakuna anayekumbuka, na hakuna aliyeuliza. Kitu kimoja kinawaunganisha wote watatu, Parekh, Bakor na vijana wa Likoni: mwenye uso ndiye aliyekuja mwenyewe, ndiye aliyechagua pazia la nyuma, na ndiye aliyeondoka na picha mkononi. Mpiga picha alibaki na hasi kwenye boksi. Sisi tunaopiga kwa kupenda tumeligeuza hilo bila hata kufikiri. Sisi ndio tunaomfuata mtu, sisi ndio tunaochagua, na sisi ndio tunaoondoka na picha. Mwenye uso anabaki na hadithi kwamba juzi kuna kijana alimpiga.

Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, alitoa mwaka 2013 kitabu kizima kuhusu upigaji picha katika pwani yetu, Contesting Visibility, na humo anaeleza vizuri jinsi wanawake Waislamu wanavyojadiliana na kamera: lini ionekane nini, nani ashike, nani atazame. Ni kitabu ninachokipendekeza, ingawa kwa sehemu kubwa kiko Lamu na Mombasa, na sisi wa ng'ambo ya Likoni tunapitwa kama matatu iliyojaa. Atakayekisoma atajua kwa nini kwenye sherehe ya akina mama simu zinakusanywa mlangoni. Picha ya bibi harusi akiwa kichwa wazi ikivuja, haivuji kwa mtu mmoja. Inafika kwa kaka zake, inafika Muscat.

Serikali nayo imeanza kulisikia hili kwa lugha yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza faini klabu moja ya Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule moja kwa picha za watoto. Mpiga picha wa kujifurahisha haguswi sana na hilo mpaka siku picha yake itumike kwenye bango la hoteli. Diani hoteli ni nyingi.

Lakini huku kwetu mpakani uzito wa picha ya uso hautoki kwa Kamishna. Unatoka kwenye kitambulisho. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi za mashamba ya miwa na katani, waliishi hapa vizazi vyote hivyo bila uraia. Oktoba 2016 walitoka kwa miguu kuelekea Nairobi, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Kenya, wavuvi wa Shimoni na Vanga na mpaka Kilifi, walingoja hadi 2023. Fikiria mtu aliyefika miaka hamsini ndipo serikali inamwambia kaa hapa, tazama mbele, usicheke. Ile picha ndogo yenye sura iliyokauka, ambayo kwa viwango vya mapitio haina ukali wala rangi wala chochote, ndiyo inayomruhusu kusajili laini ya simu, kufungua akaunti, kupita kwa askari bila kutoa kitu. Halafu unatokea wewe na kamera yako shingoni, unamwambia mzee huyo, naomba nikupige picha, natafuta sura zenye hadithi.

Atakuuliza ya nini. Na wewe utasema, ya kujifurahisha tu.

Hapo ndipo uchaguzi wa kamera ulianza kunibadilikia. Ukubwa kwanza. Kamera kubwa yenye lenzi ndefu hapa inasomwa: ni gazeti, ni shirika, au ni mtu wa kuuzia watalii picha ufukweni. Shirika maana yake watoto wapangwe mstari, wacheke, kisha wasizione picha hizo tena mpaka mtu awaoneshe kalenda. Pale mpakani Horohoro ikionekana tu unaitwa pembeni. Ndogo inapunguza kelele hizo, ila ndogo mno nayo inafanana na kuiba. Nilitaka kitu ambacho mtu anakiona, anajua anapigwa, ana nafasi ya kusema hapana, na hatishiki. Sijui neno la kitaalamu la kigezo hicho. Hakina alama kwenye jedwali.

Cha pili ni kurudisha picha. Bei ya kamera ninayoijua sasa ni bei ya kamera pamoja na karatasi. Megapikseli 24 zinakupa chapa ya nusu mita upande mrefu bila kupoteza ukali. Huku kwetu anayetaka nusu mita ni nadra, watu wanataka saizi ya kadi au ya fremu ya ukutani. Megapikseli 6 zinatosha karibu ukurasa wa A4. Kwa hiyo kamera ya miaka kumi na zaidi haikosi chochote hapo, na kila elfu unayoiokoa kwenye mwili wa kamera ni picha kadhaa zinazorudi kwa wenyewe.

Nilimwazima rafiki kamera yake siku moja kabla sijanunua yangu, nikaenda kwa shangazi kumjaribia ile ngozi na ule mwembe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni kamera ya nani?"

"Ya rafiki. Nataka kuona inakutoaje."

"Inanitoa kwenda wapi?" Akacheka mwenyewe. Kisha akasema ningoje, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu mpaka kivuli cha mwembe kikahama. Alipotoka alikuwa amebadilisha leso, amejifunga ile ya Idi, na amebeba kiti chake kizuri, akakiweka mbali na mwembe, mbele ya mlango mpya aliotengenezewa na mwanawe wa Oman.

"Hapa kuna jua kali, shangazi. Macho hayataonekana."

"Macho yangu wayajua. Piga mlango."

Nikapiga mlango. Kwa kanuni zote za mapitio ni picha mbaya: nusu kivuli, nusu moto, mlango uko katikati na yeye amekaa pembeni. Nilichapisha mbili. Moja iko ukutani kwake, na ya pili aliipeleka kwa mtu wa basi ifike Tanga kwa dada yake, aone mlango.

Basi nilinunua nini. Nikon D3300, mtumba, ya mwaka 2014, ina megapikseli 24 na inapiga kama picha 700 kwa chaji. Mwili elfu 21, lenzi ya 35mm f/1.8 elfu 12. Kitufe cha kujumlisha na kutoa kiko juu, nyuma tu ya kile cha kupigia. Wanaotaka kufuata njia hii wajue mwili wa aina hii hauna mota ndani, kwa hiyo lenzi za Nikon za zamani hazitajifokasi zenyewe. Tafuta zilizoandikwa AF-S. Ulizia pia imepigwa shata ngapi. Kamera nyingi za daraja hili zinakadiriwa kama laki moja. Muuzaji atasema ilikuwa ya mzungu, haikutumika. Piga picha moja hapo dukani, ipakie kwenye tovuti yoyote ya kusomea hesabu hiyo, itakuonesha namba. Mulika lenzi na tochi ya simu kwa upande wa nyuma utafute zile nyuzi nyeupe. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kuna madoa. Fungua mlango wa betri uangalie kutu ya kijani, hasa kama muuzaji yuko karibu na bahari.

Kopo, vipakiti na kadi vilikula elfu mbili na mia tano. Zimebaki elfu nne na mia tano, na hizo nimempa mwenye studio ya Ukunda mapema, tukaandikishana kwenye daftari, ili nisije nikazila.